Nilishamjibu "sawa dokta", naweza kurudi kuuliza?

Dada mmoja kaniandikia. Nimefupisha ujumbe wake na nimetoa vitu vya kumtambulisha, ila maneno ni yake:

"Habari dokta. Nina miaka 37, mtoto mmoja wa miaka 9. Huu mwaka wa pili siku zangu zinaenda siku nane mpaka tisa na natoka mabonge. HB ya mwisho ilikuwa 8.4. Altrasaundi imeonyesha uvimbe tatu kwenye kizazi, mkubwa sm 7. Daktari akaiangalia ile karatasi kama dakika moja, akasema hiki kizazi tukitoe, akaandika kwenye faili, akanipa tarehe ya wiki tatu mbele. Mimi nikasema sawa dokta, asante. Nimefika getini ndo nikaanza kulia, maana nilikuwa bado nawaza mtoto wa pili. Mume wangu anasema daktari ndo anajua. Mama mkwe kaleta dawa ya mizizi. Dada yangu anasema India. Swali langu ni hili, naweza kurudi nikamuuliza yule daktari bila kuonekana mjuaji? Na nikienda namuuliza nini?"

Unaweza dada yangu, tena nenda kabla ya hiyo tarehe, usisubiri siku ya kulazwa. Siku ya kulazwa mtu ameshafunga kula, kavalishwa lile gauni la mgongo wazi, kachomwa sindano ya dripu, na nesi kasimama na fomu na kalamu anasema saini hapa mama, wanakusubiri ndani, hapo hata uwe na maswali kumi yatakuishia mdomoni. Na kuonekana mjuaji usihofu sana. Wapo madaktari mmoja mmoja watakuona mjuaji, nitakuja kukuambia huyo unamfanyaje, ila wengi wetu mgonjwa akirudi kuuliza tunashukuru, hata kama sura haionyeshi.

Kwanza hiyo "sawa dokta" yako. Nimekaa kwenye magonjwa ya wanawake miaka kumi na kitu na hilo neno nalisikia kuliko jina langu. Mgonjwa akilisema, daktari anasikia amekubali. Mwenyewe alichomaanisha ni nimekusikia, au shikamoo, au naomba nitoke humu ndani nikapumue, au nimeona watu sitini kwenye benchi nje na sitaki kuwa yule aliyewachelewesha wenzake. Tumelelewa hivyo, mkubwa akiongea unaitikia, hasa akiwa na koti jeupe na haangalii usoni kwa sababu anaandika. Kwa hiyo usijione mjinga, ulifanya anachofanya karibu kila mtu.

Nina kisa changu hapa na si cha kujivunia. Miaka yangu ya mwanzo, hospitali moja sitaitaja, nilimwona mama wa miaka thelathini na kidogo, tumbo limejaa uvimbe, damu imemuishia, nikamweleza kwamba kizazi kinatoka. Yaani niliamini nimemweleza. Nilitumia neno la kitaalamu afu nikaongeza "tutakusafisha, utapumzika", akasema sawa dokta kama mara tatu, akasaini. Asubuhi yuko juu ya meza, mtu wa usingizi anavuta dawa kwenye sindano, mama akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dokta, nikishasafishwa nikae miezi mingapi ndo nibebe mimba?" Mkono wake ulikuwa wa baridi, mpaka leo naukumbuka. Tukasimamisha. Akarudishwa wodini, ratiba ya siku nzima ikavurugika, watu wa zamu wakaninunia, na fomu ilikuwa mle kwenye faili na sahihi yake nzuri kabisa, ila ile karatasi ilikuwa inasema uongo na aliyeusababisha ni mimi.

Toka siku ile simuulizi mgonjwa "umeelewa?" kwa sababu jibu lake nalijua. Namuuliza, "Ukifika nyumbani wakikuuliza dokta kasemaje, utawajibuje?" Akinijibu tofauti na nilivyosema najua nimeeleza vibaya, naanza upya. Na wewe unaweza kuligeuza upande wako, mwambie daktari, "Naomba nirudie nilivyoelewa, kama nimekosea unirekebishe." Hakuna daktari anayeweza kukasirikia hiyo sentensi, nimeijaribu kwa kila namna ya kuifikiria.

Sasa, je una muda wa kuuliza? Hili ndo la kujibu kabla ya mengine. Ukiona unalowesha pedi nzima kila saa moja na inaendelea hivyo saa mbili mfululizo, au ukisimama unaona giza, moyo unaenda mbio umekaa tu, pumzi inakata kwa kutembea kidogo, achana na maswali, nenda dharura usiku huo huo. Kama hakuna hayo, muda unao. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi kama huo wako, si kansa, na inayokuja kugundulika kumbe ilikuwa kansa baada ya upasuaji ni chini ya mwanamke mmoja kati ya mia. Na wala si kitu cha ajabu, kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2003 waliwapima wanawake kwa altrasaundi bila kujali wana dalili au hawana, wakakadiria kufika miaka 50 wanawake weusi zaidi ya 80 kati ya 100 wanakuwa nao, weupe karibu 70. Wengi hawajui na hawatakuja kujua. Mimi mwenyewe ninao mmoja wa sm 3, naishi nao kama mpangaji asiye na kelele. Afu hedhi ikishakoma, huwa unasinyaa.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni hiyo HB 8.4, yaani kiwango chako cha damu, kuliko hiyo sm 7. Mwanamke asiye na mimba tunataka awe na 12 kwenda juu, na upasuaji uliopangwa, usio wa dharura, hauna sababu ya kukukuta na 8.4 wakati kuna njia za kuipandisha. Vidonge vya chuma vinataka wiki kadhaa, ipo pia ya dripu inayoenda haraka zaidi. Kwa hiyo una sababu halali kabisa ya kurudi kliniki kesho kutwa: "Dokta, HB yangu ilikuwa 8.4, tunaipandishaje kabla ya upasuaji?" Anza na hilo. Ni swali la mgonjwa makini, halimgusi mtu heshima yake, na likishafungua mlango mengine yanapita. (Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze na chai wala kahawa, chai inazuia chuma kuingia mwilini, meza na maji au juisi ya chungwa, na choo kikiwa cheusi usishtuke.)

Ukiwa bado nyumbani chukua karatasi zako utafute palipoandikwa TAH. Hizo herufi tatu maana yake ni kutoa kizazi chote kwa kupasua tumbo. Angalia vizuri kama zimefuatwa na BSO. Zikiwepo maana yake na ovari zote mbili na mirija yake vinatoka, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kizazi kikitoka ovari zikabaki, hedhi inakoma lakini homoni zako zinaendelea, hujawa bibi. Ovari zote mbili zikitoka una miaka 37, unaingia ukomo wa hedhi siku ile ile, joto la ghafla usiku, usingizi unakatika, ukavu ukeni, na huko mbele mifupa. Kwa uvimbe wa kawaida kwenye umri wako ovari zenye afya hazitolewi bila sababu, kwa hiyo BSO ukiikuta uliza sababu ni ipi, na usiondoke bila sababu. Nimeona watu wengi wanaokuja kulalamika kwamba kutolewa kizazi kumewafanya "wawe baridi", ukichimba unakuta waliondolewa na ovari na hakuna aliyewaambia.

Daktari wako hakukosea kutaja kutoa kizazi. Ni tiba halali, na ndiyo pekee inayomaliza mambo, damu inakoma na uvimbe haurudi kwa sababu hakuna pa kuota. Nina mgonjwa wa miaka 46, anauza nguo sokoni, watoto wanne, nilimpa njia zote na karatasi nikamchorea, akanisikiliza mpaka mwisho afu akasema "dokta nitoe, nimechoka kufua kanga", na alikuwa amechagua vizuri kabisa. Tatizo la kwako ni kwamba ilitajwa hiyo moja kana kwamba hakuna nyingine, wakati kuna kama sita.

Ya kwanza ni kuacha na kuangalia, ambayo kwako kwa damu hiyo haitoshi peke yake. Ya pili ni dawa za kupunguza damu: kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki unavyomeza zile siku za damu tu (mwambie daktari kama umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu), kuna vidonge vya uzazi wa mpango, kuna kitanzi chenye homoni ambacho kinakaa miaka mitano au zaidi na kwa wanawake wengi kinakausha hedhi karibu yote, ila kama uvimbe umepindisha nafasi ya ndani ya kizazi kitanzi kinaweza kutoka au kisikae vizuri. Hizi haziondoi uvimbe, zinakuondolea shida yake, na kwa mtu anayekaribia kukoma hedhi mara nyingi hiyo inatosha. Afu kuna sindano za kila mwezi zinazosinyaza uvimbe, hizo tunazitumia kwa miezi michache kujiandaa na upasuaji na kupandisha damu, ukiziacha uvimbe unarudi kujaa.

Ya kukuhusu wewe zaidi ni kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Hapa inategemea ulipo. Uvimbe unaochungulia ndani, pale mtoto anapokaa, hata ukiwa mdogo ndo unaotoa damu kama bomba, na ukiwa wa saizi inayofaa unaweza kutolewa kwa kamera inayopitia ukeni bila kupasua tumbo. Ulio ndani ya nyama ya kizazi unatolewa kwa kupasua au kwa matundu madogo pale palipo na vifaa na mtu aliyezoea. Ulioning'inia kwa nje kwa kawaida wala si wenye kosa la damu. Kwa hiyo karatasi iliyoandika "uvimbe tatu, mkubwa sm 7" bila kusema iko wapi ni nusu ya habari, uliza. Upasuaji huu nao una mabaya yake na uyajue: unaweza kutoka damu nyingi mezani ndo maana ndugu wanaombwa kuchangia damu mapema, mara chache sana damu inakataa kusimama na kizazi kinalazimika kutolewa hapo hapo (hilo mlizungumze kabla, sio baada), uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye hasa ukiwa bado kijana, na ukibeba mimba mara nyingi utapangiwa kujifungua kwa upasuaji kwa sababu ukuta ulikatwa. Utaambiwa usubiri miezi kadhaa kabla ya kujaribu mimba, uliza ni mingapi kwako.

Ipo na ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono wakiangalia kwa eksirei. Ni sehemu chache zinafanya, Dar Muhimbili wameshaanza kufanya tiba za aina hiyo, ila kwa anayetaka kuzaa huwa si ya kukimbilia kwanza.

Haya yote mimi nayajua na daktari wako anayajua. Asichokijua, na hapa nikulaumu kidogo na wewe dada yangu, ni kwamba unataka mtoto wa pili. Kwenye faili lako kuna P1, yaani umezaa mara moja, imeandikwa pale na mtu aliyekuuliza umezaa mara ngapi. Hakuna mahali pamewekwa nafasi ya kuandika unataka nini. Daktari kaona 37, kaona P1, kaona mtoto wa miaka 9, pengine akajisemea huyu keshamaliza. Na wewe ulikuwa nalo moyoni ukanyamaza ukidhani atauliza. Kila mmoja akamwachia mwenzake. Sentensi yako ya kwanza au ya pili ukirudi iwe hii: "Dokta, sikukuambia, mimi bado nataka kuzaa." Utaona sura inavyobadilika na kalamu inavyowekwa chini.

Hapo ndo kuna kiini cha hili jambo ambalo wenzetu wanaliita kuamua pamoja. Neno lenyewe lilipata nguvu Marekani kwenye ripoti ya tume ya rais mwaka 1982, kwamba daktari analeta anachojua kuhusu ugonjwa na mgonjwa analeta anachojua kuhusu maisha yake, na uamuzi unatoka kwenye hivyo viwili. Huku kwetu watu wanasikia kama vile mgonjwa anataka kumpokonya daktari kisu. Hamna. Mimi siwezi kujua kwako kipi ni kizito, mtoto wa pili, au kurudi kazini baada ya wiki mbili badala ya sita, au kuogopa kisu, au kuogopa kitanzi kwa sababu ya kitu kilichompata shangazi yako. Usiponiambia nitajaza mwenyewe, na nitajaza na maisha yangu.

Maswali yenyewe sasa. Kuna matatu yalijaribiwa Australia, utafiti ulitoka 2011, waliwatuma waigizaji wakajifanya wagonjwa kwa madaktari wa kawaida, baadhi waliyauliza na baadhi hawakuyauliza, na walioyauliza walipewa maelezo bora na muda wa kuonana haukurefuka wa maana. Kwa Kiswahili chetu ni hivi: mbali na hii, kuna njia gani nyingine? Kila moja ina faida gani na madhara gani? Na kwa mtu kama mimi, uwezekano wa kila kimoja kutokea ni mkubwa kiasi gani? Mimi nakuongezea la nne ambalo nalipenda kuliko yote, "nikikaa miezi sita bila kufanya chochote, itakuwaje?" Hilo linamlazimisha daktari aseme waziwazi kama jambo ni la haraka au ni mazoea tu ya kupanga tarehe.

Kwenye lile la tatu usikubali "mara nyingi" na "ni nadra". Nadra ya daktari na nadra yako ni vitu viwili. Mwambie, "Dokta, kati ya wanawake mia kama mimi, wangapi?" Akisema kumi kati ya mia unaweza kuwaona hao watu kumi kichwani. Na kama hana namba, akikuambia hana nayo ni jibu zuri tu.

Watu wengi wanapenda kuuliza "ningekuwa dada yako ungenifanyaje?" Si swali baya ila liulize mwisho, ukishamwambia unachotaka. Ukiliuliza mwanzo utajibiwa kuhusu dada yake, na dada yake pengine ana watoto watano na hataki kusikia mimba.

Pesa nayo uliza bila aibu. Bei yote ya kila njia, bima inalipa ipi na haigusi ipi, ipo hapa au ni rufaa, nitalala siku ngapi, nitakaa nyumbani wiki ngapi bila kuingiza kitu. Kuna wenzetu wanaona mgonjwa akitaja pesa hajali afya yake. Tiba unayoishia nayo njiani kwa kukosa hela ni mbaya kuliko ndogo uliyoimaliza.

Kuhusu mume. Usiende kubishana naye kwamba daktari hajui, nenda naye kliniki. Umpe kazi maalumu kabla hamjaondoka nyumbani: yeye aandike majibu, wewe uulize. Mwanaume akiwa na kazi ya kufanya mle ndani anatulia na anasikia kwa masikio yake, na jioni hamgombani nani alisemaje. Akishindwa kufika omba ruhusa kurekodi kwa simu, omba kwanza, usiweke simu kimya kimya kwenye mkoba. Lakini kusaini fomu ni wewe. Hospitali nyingi bado zinapenda sahihi ya mume na sijaona ubaya akiwa pembeni, ila wewe ni mtu mzima na akili zako timamu, mwili ni wako na sahihi ni yako.

Mama mkwe usimkatishe tamaa, kaleta kwa upendo. Ila mimi sijui mzizi wowote uliothibitika kuondoa fibroidi, na baadhi ya dawa hizo zinaumiza ini au zinafanya damu isigande vizuri, kitu usichokitaka wiki moja kabla ya kisu. Kama umeshakunywa mwambie daktari, hata kama atakunja uso, mtu wa usingizi anahitaji kujua kuliko anavyohitaji adabu yako. Na India kwa uvimbe wa sm 7, hapana, hizo nauli zimlishe mtoto, kutoa uvimbe na kubakiza kizazi ni kazi inafanyika Dar, Moshi, Mwanza na kwingineko.

Nilisema nitarudi kwa daktari mkali. Akikuambia "wewe umesoma udaktari?" usijibu kwa ukali na usilie, sema hivi polepole: "Sijasoma dokta, ndo maana nauliza. Nataka nikisaini nijue nasaini nini." Akiendelea, nenda kwa muuguzi kiongozi wa kliniki umwambie unaomba kuonana na daktari mwingine kwa maoni ya pili, uchukue na nakala ya altrasaundi na vipimo. Maoni ya pili si matusi, sisi wenyewe tukiumwa tunayatafuta kwa watatu wanne. Wasomaji wangu wa Kenya mko na kitu cha kushikilia, Sheria ya Afya ya 2017 imesema mtoa huduma akueleze hali yako, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yako ya kukataa, kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana.

Na wenzangu wa koti jeupe mnaosoma hapa kimya kimya, ile kesi ya Montgomery ya Scotland iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza 2015 mnaikumbuka. Mama mdogo wa umbo, ana kisukari, uwezekano wa mtoto kukwama mabega ulikuwa asilimia 9 mpaka 10, hakuambiwa, na daktari alikiri kwamba akiwaambia akina mama hao watachagua kupasuliwa. Mtoto akakwama, akapata ulemavu. Mahakama ikasema kipimo ni kile ambacho mgonjwa huyo angekiona muhimu. Sisi tunaficha kwa sababu ile ile, tunaogopa mtu asije akachagua tusichokipenda, halafu tunasema foleni ni ndefu.

Ukishasikia yote ukaona kichwa kimejaa na ungependa daktari akuamulie, ruhusa. Kusema "dokta nimekuelewa, wewe ungeshauri ipi?" baada ya kujua njia zote ni tofauti kabisa na ile sawa dokta ya mwanzo. Na ukichagua kutoa kizazi baada ya kusikia yote sitashangaa wala sitasikitika, mtoto wa miaka 9 anahitaji mama mwenye damu mwilini pia. Unaweza pia kuomba tarehe isogezwe miezi miwili HB ipande huku unafikiria, ukitumia dawa za kupunguza damu. Hilo ndo ningeanza nalo mimi ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha huyo daktari, sijakupima lakini, na aliyekupima ana neno kubwa kuliko langu.

Kwa hiyo wiki hii: daftari, chora safu tatu, njia upande wa kushoto, mazuri katikati, mabaya kulia, iache wazi ukajazie huko huko mbele yake. Juu ya ukurasa andika kwa herufi kubwa NATAKA KUZAA, maana ukikaa kwenye kile kiti unaweza ukasahau tena. Beba karatasi ya altrasaundi yenyewe, sio picha iliyotingishika kwenye simu. Nenda asubuhi siku ambayo sio Jumatatu, Jumatatu kliniki zetu zinajaa mpaka koridoni. Afu niandikie HB mpya imetoka ngapi na kama kwenye faili kulikuwa na BSO.